Mtumbwi Mbali na Maji

Mtumbwi wa kwanza niliouona katika safari hii ulikuwa nchi kavu, chini ya mikorosho ya Mchukwi. Upande mmoja ulikuwa bado gogo la mwembe, gome lake na njia za mchwa vikiwa vile vile. Upande wa pili omo ilikwisha kuchongoka, nayo ilielekea barabara ya Kilwa kana kwamba safari ingepitia huko. Ndani yake kuku wawili walikuwa wakichakura vibanzi.

Nilitoka Mbagala Rangi Tatu kwa basi ambalo kondakta wake aliapa lingeondoka saa kumi na moja kamili alfajiri. Liliondoka saa moja na robo, baada ya njia ya katikati kujazwa magunia ya vitunguu, na mimi nikaketi juu ya gunia mojawapo mpaka Mkuranga. Mchukwi inajulikana zaidi kwa hospitali yake ya misheni. Abiria wengi walioshuka nami walibeba chupa za chai na kanga zilizokunjwa, wakaelekea kwa wagonjwa wao. Mimi niliuliza fundi wa mitumbwi.

"Kaka, bahari iko Nyamisati," kijana wa bodaboda alinijibu. Mwenzake akamkatiza: "Labda yule mzee mwenye gogo."

Habari ya mzee mwenye gogo niliipata Mwenge, Dar es Salaam, kwenye mabanda ya vinyago. Nilimwuliza mchongaji mmoja wa Kimakonde, mtu ninayemfahamu kwa miaka mingi, kwa nini vinyago vya siku hizi havina matundu kama vya zamani. Akacheka. Matundu huvunjika kwenye sanduku la mtalii, akasema. Twiga mnene hafiki Ulaya akiwa vipande. Kisha akapiga patasi mara mbili tatu na kuongeza kwamba nikitaka kumwona mtu anayelipwa kwa sababu ya tundu, niende Rufiji kwa wachonga mitumbwi.

Swali langu lilikuwa na historia. Wamakonde waliovuka kutoka uwanda wa Mueda, Msumbiji, kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika walileta ufundi wa kuchonga mti mmoja bila kuunga. Mjini Dar es Salaam walimpata mnunuzi mwenye jicho, mfanyabiashara Mohamed Peera. Husimuliwa kwamba kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa alikuwa na kinyago cha mtu kilichovunjika kiungo kabla hakijauzwa, na kile kilichobaki, kiumbe chenye upungufu, kikampendeza Peera kuliko kinyago kizima. Ndipo ukaanza mtindo wa shetani: mwili uliojikunja, jicho lililohama mahali pake, na baina ya mkono na tumbo, baina ya shingo na goti, nafasi tupu inayopitisha mwanga. Wengine wakaja na mtindo wa mawingu, ambao karibu wote ni mkondo na tundu. Ukikizunguka kinyago cha namna hiyo, umbo la utupu wake hubadilika haraka kuliko umbo la mti. Huo ndio ufundi ninaouona umepungua Mwenge, na sioni sababu ya kusema kwa adabu zaidi ya hapo.

Fundi nilimkuta amekaa juu ya kisiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kununua au kutazama?"

"Kutazama."

"Basi kaa kivulini. Kutazama kunachosha."

Ni mtu wa miaka kama sitini na kitu, mwembamba, mwenye kovu refu juu ya kifundo cha mguu wa kulia. Kovu hilo ni la tezo. Ukimwona akifanya kazi utashangaa kwamba ni moja tu. Husimama ndani ya gogo, miguu imetanuliwa, akakata kuelekea kwake mwenyewe, na ncha ya tezo ikatua kila mara pungufu ya shubiri moja kutoka kwenye vidole vyake. Ana tezo mbili: ile nzito ya kutoa nyama ya mti, na nyingine yenye makali yaliyopinda ya kusafishia ndani. Shoka aliliweka pembeni. Sehemu kubwa ya kazi ya shoka ilikwisha wiki iliyotangulia, alipolichongoa gogo kwa nje. Kijana wake, mjukuu nadhani, alikuwa akizoa vibanzi na kuvirundika karibu na jiko la bibi yake.

Nilimwuliza anajuaje upande gani wa gogo uwe tumbo la mtumbwi.

Hakujibu papo hapo. Alimaliza mstari aliokuwa akiukata, akashuka, akanionyesha miti miwili laini iliyolala chini sambamba. Kabla hajapiga shoka la kwanza aliliweka gogo juu ya miti ile, akalisukuma kidogo, akaliacha lizunguke lenyewe mpaka litulie. Likatulia upande mmoja. Akalisukuma tena, likarudi pale pale. Mwembe huu ulikua umeinama, akasema, upepo wa kusi uliusukuma tangu ulipokuwa mche, na mti ulioinama huwa mzito upande mmoja. Upande mzito ndio uwe chini.

"Gogo ukilitupa majini hujigeuza lenyewe. Hapa hakuna maji. Basi mimi ndiye maji."

Aliyasema hayo huku akitafuta kiberiti mfukoni. Nikaandika.

Unene wa ubavu huupima kwa vidole viwili, chini kwa vinne, lakini vidole havifiki katikati ya ubao ambao haujatoboka. Kwa hiyo hugonga. Hugonga nje kwa kifundo cha kidole, mkono wa pili ukiwa ndani umetandazwa, na husikiliza. Palipo nene hulia kama mlango, palipo pembamba hulia kama ngoma iliyolegea. Alinipa nigonge. Nilisikia mlango kila mahali.

Nikamwuliza kuhusu mpingo, maana wachongaji wa Mwenge hawana mti mwingine wanaouheshimu kama huo, na misitu ya mpingo iko huku huku kusini. Mpingo ni mzito kuliko maji. Kipande chake ukikitia ndooni huzama. Nilitaka kumcheka kidogo mzee, nikasema bila shaka mpingo haufai mtumbwi.

"Ungefaa," akasema. "Ukiwa na mvungu wa kutosha, hata jiwe litaelea. Tatizo la mpingo ni kwamba hauneni huku."

Hauneni: haupati unene wa mwembe. Lakini neno lililonikaa ni mvungu. Sisi wa mjini tumelibakiza chini ya kitanda tu, mahali pa viatu na mabegi. Yeye hulitumia kwa kitu anachokiuza. Mteja wake hanunui mwembe. Miembe imejaa njiani kote. Hununua nafasi ya watu wanne, au ya watu wawili na wavu, iliyozungushiwa mti mwembamba kadiri inavyowezekana. Kila kibanzi kinachotoka huongeza bei mpaka kifike kibanzi kimoja ambacho kikitoka huiharibu kazi yote. Nilimkumbuka Magdalene Odundo, Mkenya aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na anayefanyia kazi zake Uingereza. Vyungu vyake huvijenga kwa mkono bila gurudumu, na vinawekwa kwenye majumba makubwa ya makumbusho duniani. Watu huviandikia kurasa kwa sababu ya ngozi ya vyungu hivyo, rangi yake nyeusi na ya machungwa, shingo yake kama ya mwanamke. Ukisimama mbele ya chungu kimoja kwa muda, kinachokushika ni hewa iliyomo ndani, ile ambayo ukuta wa udongo unaonekana kuizuia kwa shida. Fundi wa Mchukwi hajapata kuingia jumba la makumbusho, naye kanieleza jambo hilo hilo kwa sentensi moja kuhusu jiwe.

Mchana tulikula wali na samaki kwa bibi, tukiwa tumekalia mkeka wa ukindu wenye mistari ya zambarau. Moto wa jiko ulikuwa wa vibanzi vya mtumbwi. Mzee alinieleza kwamba mtumbwi huu ni wa mtu wa Nyamisati, na ukikamilika utapakiwa kwenye Fuso. Zamani uliburutwa na watu kwa kamba na nyimbo mpaka kwenye maji ya karibu. Mahali penye maji hapana mwembe mnene, na mahali penye mwembe mnene hapana maji, ndiyo maana akakaa hapa katikati. Boti za faiba zimeingia, akasema, na wateja wake sasa ni wale wasioweza kuzinunua, au wale wanaopita kwenye vijito vyembamba ambako faiba huchanwa na chaza waliong'ang'ania mizizi. Hakusikitika aliposema hivyo. Alisema kama mtu anayeeleza msimu wa korosho.

Kesho yake nilikwenda kuyaona hayo maji. Kutoka Bungu, barabara inaacha lami na kuelekea mashariki hadi Nyamisati, bandari ndogo ambako watu hupanda vyombo kwenda kisiwa cha Mafia. Vumbi jekundu, minazi, kisha ghafla harufu ya tope la chumvi. Abiria wa Kilindoni, huko Mafia, walikuwa wameketi juu ya mizigo yao wakisubiri maji yajae, kwa sababu hapa ratiba ya safari huandikwa na mwezi. Nilipata nahodha wa mashua ya injini aliyekubali kuniingiza kwenye vijito kwa saa chache, kwa sharti kwamba nisimwambie wapi pa kugeukia.

Delta ya Rufiji ina hekta zipatazo 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wote wa aina hiyo katika Afrika Mashariki. Mwaka 2004 iliwekwa pamoja na Mafia na Kilwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Takwimu hizo nilizijua. Sikujua kwamba ukiingia ndani utajikuta kwenye maonyesho ya uchongaji ambayo hayana mlinzi wala tiketi. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama magoti, shina likiwa limeinuliwa juu ya tope, na chini yake kuna ukumbi ambamo kaa hupita. Mchu hauna magoti. Hupenyeza mizizi chini ya tope na kuchomoza maelfu ya vijiti vyembamba vya kupumulia, ardhi yote ikawa kama brashi iliyogeuzwa. Mkomafi hutambaza mizizi bapa inayokwenda kombo kama nyoka aliyesimama kwa ubavu. Msikundazi hujenga kuta: mbao za mzizi zenye urefu wa kiuno, nyembamba, zinazozunguka shina na kuacha vyumba vidogo kati yake. Miti minne, tatizo moja la kusimama kwenye tope lisilo na hewa, na majibu manne tofauti kabisa, yote yakitegemea kuacha wazi.

Nahodha aliokota tunda la mkomafi lililokuwa likielea, kubwa kama mpira wa watoto, akalipasua kwenye ukingo wa mashua. Mbegu zake hazifanani hata mbili; kila moja ina pembe na mgongo wake, na zilikuwa zimekaa ndani bila kuacha upenyo. Akaniambia nizirudishe. Nilihangaika nazo hadi tukatoka kwenye kijito kile. "Watoto wote huku hushindwa," akanifariji, "na sisi wazee pia."

Mizizi hii ilinikumbusha Lilian Nabulime, mchongaji na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere aliyezaliwa mwaka 1963, ambaye amefanya kazi nyingi kwa mizizi na magogo. Katika kazi zake mzizi hubaki mzizi hata unapogeuka mwili wa mwanamke. Hafichi mpindo wake kwa msasa. Niliwahi kudhani ni uamuzi wa kisomi, wa mtu aliyekaa chuoni na kuwaza asili ni nini. Nikiwa chini ya msikundazi, maji yakipungua na kuacha mstari wa tope kila dakika, niliona uamuzi huo ni wa heshima tu. Kuna mpindo ambao ukiunyoosha umeupoteza, na hutaweza kuutengeneza tena.

Msitu huu pia umejenga nyumba za mbali. Kwa karne nyingi fito, pau, mazio na boriti zilitoka kwenye delta hii na nyinginezo za pwani, zikapakiwa kwenye majahazi hadi Unguja na hadi Arabuni, nchi yenye mawe na udongo lakini isiyo na miti mirefu. Ndiyo maana chumba cha nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe ni kirefu kama ukumbi na chembamba kama ushoroba: upana wake ni mita mbili na nusu hadi tatu hivi, na sababu yake ni kwamba boriti inayobeba dari ya mawe haizidi hapo. Mtu aliyelala kitandani Unguja au Lamu mwaka wowote alilala ndani ya kipimo cha mti. Sasa mikoko ni hifadhi, haikatwi bila kibali, na wakazi wa visiwani mwa delta wanalalamika kwamba kibali hicho huwafikia wengine haraka kuliko wao. Nilisikia lalamiko hilo mara tatu kwa siku moja.

Katikati ya mkondo mmoja mpana nahodha alipunguza injini, akanyoosha kidole kuelekea kusini. "Manowari ya Mjerumani iko huko." Hatukufika, lakini kisa chake nakijua. Manowari hiyo, Königsberg, iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja Septemba 1914, ikaja kujificha ndani ya delta hii, na tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na Waingereza, mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake ya sentimita 10.5 ikang'olewa, ikawekewa magurudumu na kuburutwa vitani nchi kavu. Mmoja unasimama mpaka leo Fort Jesus, Mombasa. Bodi la meli likabaki. Kwa miongo kadhaa lilikuwa likionekana, watu wakilikata vyuma, likalala ubavu, na mwaka 1966 ikaripotiwa limeporomoka na kuzama kwenye tope. Meli ya chuma iliyotengenezwa kwa michoro na hesabu iliishia kumezwa na udongo laini unaobebwa na maji kutoka milima ya mbali. Nikawaza yule mzee angesema mvungu wake ulitobolewa, basi.

Na huo udongo hautulii. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 Rufiji iliacha njia yake ya kusini na kupeleka maji mengi kaskazini mwa delta. Maji baridi yakaingia mahali palipokuwa pa chumvi, watu wakafyeka mikoko na kulima mpunga. Tulipita kando ya mashamba hayo. Juu yake yamesimama madungu, vibanda vya miti na makuti vilivyoinuliwa kwa nguzo, ambamo mkulima huhamia na familia yake msimu wa mpunga ili awafukuze ndege mchana na nguruwe usiku. Dungu lina sakafu ya fito, ngazi ya magogo mawili, paa, na ukuta nusu. Chini yake hakuna kitu, na hapo ndipo mafuriko hupita. Nililipiga picha moja lililoinama kidogo kuelekea mtoni na nikaionyesha baadaye kwa rafiki anayesomea usanifu wa majengo. Aliniuliza mbunifu ni nani.

Huko juu mtoni sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Bwawa lolote hushika tope pamoja na maji. Delta ni kazi ya tope. Mto uliifinyanga kwa kuongeza, tofauti na mzee wa Mchukwi anayechonga kwa kupunguza. Nahodha hakuhitaji maelezo yangu. Alinionyesha fungu la mchanga upande wa bahari, mikoko yake imeanguka na mizizi ikiwa hewani, akasema kila mwaka anahesabu iliyobaki.

Nilirudi Mchukwi siku ya tatu, jioni, nikiwa na mbegu za mkomafi mfukoni. Mtumbwi haukuwepo. Pale ulipokuwa palibaki miti ile miwili sambamba na alama za matairi ya Fuso, na hata vibanzi vilikwisha kuzolewa. Mzee alikuwa akinoa tezo kwenye jiwe. Nilimpa mbegu. Akazigeuza geuza, akaziweka kwenye mkeka, akaanza kuzipanga kimya kimya. Alifika tano, ya sita ikakataa, akamwita mjukuu wake aje ajaribu. Mimi nikaenda barabarani kusimamisha gari.

Wiki tatu baadaye alinipigia simu. Mtumbwi umeshushwa majini, akasema, umebeba watu wanne na wavu, lakini umelalia kushoto. Maji yamemkosoa vidole viwili. Kesho yake angepanda gari kwenda Nyamisati na tezo ile yenye makali yaliyopinda, apunguze ubavu wa kushoto kwa ndani.